Shajara ya mradi: umemetuamo kwa kipande cha dari na mfuniko wa sufuria

Nafundisha fizikia sekondari mkoani Dodoma, na mradi huu ni wa kutengeneza vifaa vya kufundishia umemetuamo, yaani umeme wa chaji zilizotulia mahali, kwa vitu vya dukani, vya jikoni na mabaki ya mafundi. Sharti nililojiwekea ni kwamba kila kifaa kifanye kazi kila kinapotumiwa, siyo siku ya bahati tu, na mwanafunzi aone kwa macho yake badala ya kukariri mchoro. Nimeanza Juni kwa makusudi. Mvua zimekwisha, jua la mchana linakausha kila kitu, na hewa ya huku hadi Oktoba inaifaa kazi hii kuliko msimu mwingine wowote.

Jambo moja nataka lisimame tangu mwanzo: kusugua hakuzalishi chaji. Kila kitu tayari kina chaji chanya na chaji hasi, tele, kwa kiasi kinacholingana. Sisi tunazitenga tu, na baada ya hapo shughuli nzima ni kuzizuia zisirudiane. Somo hili kwa kawaida huanza na kalamu iliyosuguliwa kwenye nywele na vipande vya karatasi, likaishia hapohapo, na mwanafunzi akaondoka akiamini kwamba umeme umetoka kwenye msuguano. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuing'oa.

Juni 8. Teipu

Nimeanza na jaribio lisilo na kusugua kabisa. Bandika mezani kipande cha teipu ya kawaida chenye urefu wa kiganja, ncha moja uikunje upate pa kushikia. Juu yake bandika kipande cha pili. Vibandue vyote viwili kwa pamoja, taratibu, kisha vipitishe kidole mgongoni hadi visivutwe tena na mkono. Sasa vitenganishe kwa mara moja. Ukivikaribisha, vinakimbiliana hadi vinagandana. Tengeneza jozi ya pili kwa njia hiyohiyo, halafu ning'iniza vile vya juu viwili karibu karibu: vinasukumana. Vya chini viwili navyo vinasukumana. Cha juu na cha chini vinavutana.

Charles du Fay aliona jambo hili huko Ufaransa mwaka 1733, akatangaza kuwa umeme uko wa aina mbili, ule wa kioo na ule wa utomvu mkavu. Majina ya chanya na hasi yalikuja baadaye kutoka kwa Benjamin Franklin, na ni uamuzi wake unaotufanya hadi leo tuseme elektroni, ile chembe ndogo ya atomu inayoweza kuhama, ina chaji hasi.

Kundi moja la Kidato cha Pili waliuliza swali lililonifurahisha sana: kama teipu zote zimekatwa kwenye rola moja, zinatofautianaje? Tulichukua muda kulijibu. Upande wa gundi wa kipande cha juu ndio uliogusana na mgongo wa kipande cha chini. Hizo ni nyuso mbili tofauti, na kila moja inazishika elektroni kwa nguvu yake. Zinapoachana, upande mmoja unaondoka na elektroni ambazo hazikuwa zake. Kusugua kunasaidia kwa sababu kunaongeza sehemu zinazogusana na kuachana, hasa kwenye vitu vigumu ambavyo vikilazwa tu vinagusana kwa vinundu vichache.

Juni 17. Sindano

Kifaa cha kutambua chaji: mshale wa karatasi ya foili uliokunjwa kidogo katikati, ukawekwa juu ya ncha ya pini iliyochomekwa kwenye kifutio. William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alitumia sindano ya namna hii katika utafiti aliouchapisha mwaka 1600, akatenganisha mvuto wa sumaku na mvuto wa kaharabu iliyosuguliwa. Ya kwetu inageuka ukileta kitana kilichochaniwa nywele, na fimbo ya sumaku haiigeuzi kwa sababu foili ni alumini. Gharama yake ni kama hakuna. Nimeridhika, naendelea.

Juni 28. Dari na mfuniko

Hiki ndicho kiini cha mradi. Kifaa kinaitwa elektrofora. Johan Wilcke wa Sweden alionyesha kanuni yake mwaka 1762, na Alessandro Volta akakipa umbo na umaarufu mwaka 1775. Wao walitumia kitako cha utomvu ulioyeyushwa na kugandishwa. Mimi nimetumia kipande cha dari ya PVC, yaani plastiki ngumu, mabaki kutoka kwa fundi aliyekuwa akipiga dari mtaani kwetu. Kina upana wa sentimita 25 na uso laini usio na vumbi. PVC iko karibu na mwisho kabisa katika orodha ya vitu vinavyopora elektroni, kwa hiyo karibu kitambaa chochote utakachoisugulia kitaiachia chaji hasi. Blanketi la sufu linafanya vizuri zaidi.

Juu yake unakaa mfuniko bapa wa sufuria ya alumini, kipenyo sentimita 20. Nimeondoa kifundo cha katikati na kusimamisha mpini. Kingo lazima ziwe za mviringo. Ncha yoyote kali, hata chembe ya bati iliyoachwa na msumeno, inavujisha chaji hewani kimyakimya, hivyo nilipiga tupa mzunguko mzima na kumalizia kwa msasa laini.

Matumizi: sugua PVC kwa blanketi. Laza mfuniko juu yake kwa kushika mpini. Gusa mfuniko kwa kidole, utasikia "ta!" ndogo. Ondoa kidole, inua mfuniko, kisha uusogeze kwenye kifundo cha kidole. Cheche inaruka, inaonekana na inasikika. Urudishe, uguse, uinue: cheche tena. Na tena. PVC haijasuguliwa upya, wala haionekani kuchoka.

Darasa zima lilinyamaza hapo, kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Umeme huu unatoka wapi, Mwalimu, kama hatusugui? Nimewaachia swali hilo ubaoni.

Julai 7. Mpini

Mpini umechukua muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Kijiti cha mbao kavu, kilichoanikwa juani, hakifai. Mwanafunzi anashangaa, kwa kuwa nyumbani ameambiwa asimame juu ya ubao mkavu akigusa waya. Maelezo yako kwenye hesabu. Mfuniko wetu ukiwa hewani una kapasitansi, yaani uwezo wa kubeba chaji kwa kila volti, ya takriban pikofaradi 7, kiasi kidogo mno. Ili chaji idumu sekunde moja tu, njia ya kuvujia lazima iwe na ukinzani wa karibu omu bilioni 140. Ubao wenye omu bilioni moja ni kihami kizuri kabisa mbele ya umeme wa volti 230, lakini mfuniko wetu unamwaga karibu chaji yake yote kupitia ubao huo katika muda usiofika sehemu ya mia ya sekunde. Kwa hiyo kihami na kipitishi hutofautiana kulingana na kazi, na katika umemetuamo vitu vingi tunavyoviita vihami vinahesabika kuwa vipitishi.

Kilichofaa ni kondiuti, lile bomba la PVC ambalo mafundi umeme hupitishia nyaya, urefu wa sentimita 25, imeshikizwa kwa gundi ya silikoni. Ishikwe juu kabisa. Jasho la kiganja lina chumvi, na likitandaa kwenye mpini linaweka njia. Tunaufuta kwa spiriti kabla ya kila kipindi.

Julai 22. Tester ya fundi

Naona leo ndiyo siku bora ya mradi hadi sasa.

Wanafunzi wengi walishikilia kwamba chaji ya PVC inahamia kwenye mfuniko wakati umelazwa. Ni wazo la haki kabisa, na linapimika: kama ni hivyo, mfuniko utakuwa hasi kama PVC. Kama ni uingizaji chaji bila kuhama, mfuniko utakuwa chanya. Tulihitaji kifaa cha kutofautisha, na kipo kwenye mfuko wa kila fundi umeme: bisibisi ya tester, ile yenye kitaa kidogo cha neoni ndani. Kitaa hicho kina vijiti viwili vya chuma vilivyosimama sambamba ndani ya gesi. Umeme wa nyumbani unabadilisha mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo unaona vyote viwili vikiwaka. Umeme ukienda upande mmoja tu, kinachowaka ni kijiti cha upande hasi, ule unaoingiza elektroni.

Tulifunga madirisha kwa maboksi, tukasubiri macho yazoee giza. Msichana mmoja alishika tester, mwenzake akashika mpini. Mfuniko ukiwa umelala juu ya PVC, aliugusa kwa ncha ya tester badala ya kidole. Mmweko mmoja mwekundu wa rangi ya chungwa, kwenye kijiti cha upande wa mfuniko. Maana yake elektroni zilitoka kwenye mfuniko zikapita mkononi mwake kwenda chini. Mfuniko ukainuliwa, akaugusa tena. Mmweko wa pili, safari hii kwenye kijiti cha upande wa mkono. Elektroni zinarudi.

Tulirudia hadi kila mmoja aliona mwenyewe. Kutoka, kurudi, kutoka, kurudi. PVC yenye chaji hasi inazisukuma elektroni za mfuniko ziende uso wa juu. Kidole kinazifungulia mlango zitoke. Kidole kikiondoka mlango umefungwa, na mfuniko unabaki na upungufu, yaani chanya. PVC yenyewe haitoi karibu chochote, ndiyo sababu haichoki. Kwa macho tu, bila mita ya bei, tumeona mwelekeo wa elektroni. Mwalimu mwenye nafasi ya jaribio moja tu katika mada hii afanye hili.

Agosti 9. Mzani

Swali la Juni bado liko ubaoni. Cheche ina nishati: mwanga, sauti, joto. Kama PVC haitoi chaji, nani analipa?

Kwanza makadirio. Hewa kavu ya usawa wa bahari huvunjika kwenye takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Huku tuko karibu mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi kidogo, na namba inashuka kidogo. Cheche zetu nzuri zinafika milimita 5, kwa hiyo mfuniko uko kati ya volti 12,000 na 15,000. Ukizidisha kwa pikofaradi 7 unapata karibu sehemu ya kumi ya maikrokulombu (kulombu ni kipimo cha chaji, na maikrokulombu ni sehemu ya milioni yake), ambayo ni zaidi ya elektroni bilioni 500. Nishati yake ni kati ya nusu na robo tatu ya milijuli. Volti zinatisha, chaji ni ndogo, na ndiyo maana hakuna anayeumia.

Sasa kipimo. Tumeazima mzani mdogo wa kidijitali wa jikoni unaosoma sehemu za gramu. Juu yake kikawekwa kitako cha ubao, na PVC ikafungwa kwenye kitako hicho kwa teipu isiweze kunyanyuka. Mfuniko ukawekwa, ukaguswa, ukainuliwa kwa usawa bila kutikisika, na mzani ukawa umerekebishwa kusoma sifuri kwa PVC peke yake. Mfuniko ulipoachana tu na PVC, mzani ulisoma gramu 2 hivi chini ya sifuri. Mfuniko unaivuta PVC juu! Ukipandishwa zaidi, usomaji unarudi polepole kuelekea sifuri, na kwenye umbali unaokaribia kipenyo cha mfuniko hauonekani tena. Bila kugusa kwa kidole kwanza, hakuna mvuto wa maana.

Gramu 2 ni karibu sehemu ya hamsini ya nyutoni. Nguvu hiyo, ikipungua ndani ya sentimita chache za kupanda, inakupa kazi iliyo katika eneo lilelile la nusu milijuli. Anayelipa ni mkono unaoinua. Chaji chanya ya mfuniko inavutwa na chaji hasi ya PVC, na kuziachanisha ni kazi kama kuteka ndoo kisimani: unachokipata juu umekilipia kwa kuvuta. Kijana aliyekuwa ameandika swali ubaoni alikwenda akalifuta yeye mwenyewe.

Agosti 25. Gari na dumu

Tangu mzani, wanafunzi wanaleta mifano ya nyumbani. Sweta inayolia "chaka-chaka" ikivuliwa usiku na kutoa vimulimuli gizani. Vumbi linalong'ang'ania feni na kioo cha televisheni. Na malalamiko ya kila kiangazi mjini: gari linapiga shoti.

La gari ni elektrofora tupu. Nguo ya polista na kitambaa cha kiti vinabadilishana elektroni safari nzima, lakini ukiwa umekaa chaji hizo ziko ubavu kwa ubavu na huhisi kitu. Ukisimama kutoka, unaziachanisha, na miguu yako ndiyo iliyofanya kazi ya kuinua. Volti inapanda wakati huo huo. Viatu vya mpira havikupi njia ya kumwaga, kidole kinaelekea mlango, na "ta!". Mwili wa mtu una kapasitansi ya pikofaradi 100 hadi 200, na watu wengi huanza kuhisi mshtuko kwenye volti 3,000 hivi. Dawa yake ni rahisi: shika chuma cha fremu ya mlango ukiwa bado umekaa, na usikiachie hadi mguu umefika chini. Chaji inarudi taratibu kupitia kiganja badala ya kuruka.

La dumu la petroli ni zito, nami sitaki lipite kama mfano wa pembeni. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kiwango kinachofaa unawashwa na takriban robo ya milijuli. Pikofaradi 150 kwa volti 3,000 ni zaidi ya nusu ya milijuli. Yaani mshtuko mdogo kabisa ambao kidole kinaweza kuuhisi tayari unazidi mara mbili kinachohitajika. Petroli yenyewe ikipita kwenye mpira wa pampu inatenganisha chaji, na dumu la plastiki lililowekwa juu ya kiti cha bodaboda au juu ya zulia la gari halina pa kuzimwagia. Kwa hiyo dumu liwekwe chini, sakafuni. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote. Mafuta yaingie polepole. Na mjazaji ashike chuma kwanza kabla ya kufungua kifuniko. Nimewaomba wanafunzi walieleze hili nyumbani kwa maneno yao wenyewe, na nitalirudia kila muhula.

Septemba 12. Chupa ya Leyden, makopo

Hiki ni chombo cha kuhifadhia chaji: chupa ya jamu, foili nje na ndani hadi theluthi mbili ya kimo, msumari mrefu kupitia kifuniko cha plastiki ukigusa foili ya ndani kwa mnyororo mwembamba. Ewald von Kleist aliigundua mwaka 1745, na Pieter van Musschenbroek wa Leiden akaifanya ijulikane mwaka uliofuata. Muda mfupi baadaye Jean-Antoine Nollet aliwapanga walinzi 180 wa mfalme wa Ufaransa wakiwa wameshikana mikono, wakaruka wote kwa pamoja. Sisi haturushi mtu. Chupa yetu ina takriban pikofaradi 400, ikifika volti 10,000 ina milijuli 20, na hiyo inauma. Tunaimwaga kwa waya wenye mpini wa kondiuti. Nimepiga marufuku kuunganisha chupa mbili, na mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asikae karibu na meza hii.

Makopo ya soda yamependwa zaidi. Makopo mawili yamesimama yakitazamana, kipete cha kufungulia kinaning'inia katikati kwa uzi wa nailoni. Kopo moja linapewa chaji ya mfuniko, jingine linaguswa kwa mkono. Kipete kinagonga huku, kinachukua chaji, kinasukumwa, kinagonga kule, kinaimwaga, kinavutwa tena. Franklin alifunga kengele za namna hiyo nyumbani kwake Philadelphia mwaka 1752 ili zimjulishe wingu la radi likipita.

Septemba 30. Ujumbe kutoka Tanga

Mwalimu mwenzangu aliyeko Tanga amefuata shajara hii hatua kwa hatua, na asubuhi kifaa chake hakikutoa hata cheche moja. Pwani asubuhi hewa imejaa mvuke, na tabaka jembamba la maji lisiloonekana linatanda juu ya PVC, mpini na kila uso. Hewa yenyewe haina lawama kubwa. Ni hilo tabaka, pamoja na chumvi na vumbi lililoyeyuka ndani yake.

Suluhisho alilopata ni zuri kuliko nililokuwa nafikiria. Boksi la katoni lililolazwa ubavu, ndani yake balbu ya zamani ya waya, ile inayotoa joto. PVC, mfuniko na blanketi vinakaa humo kama nusu saa, na jaribio linafanyikia mdomoni mwa boksi. Uso ukiwa na joto kidogo kuzidi hewa, maji hayatulii juu yake. Adhuhuri alipata cheche za milimita 3. Kwa shule za Pwani, Unguja na Pemba, boksi hili sasa ni sehemu rasmi ya orodha ya vifaa. Balbu za LED hazifai, joto lake halitoshi.

Oktoba 14. Kilichobaki

Seti mbili kamili zimekamilika na ya tatu inasubiri mfuniko. Maelekezo yameandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila kifaa, na picha.

Kipindi cha radi nakiandaa kabla mvua hazijaanza. Ndani ya wingu refu, punje laini za barafu zinagongana na vifuwele vyepesi vya barafu. Punje zinaondoka na chaji hasi, vifuwele na chanya. Upepo unaopanda unabeba vifuwele juu, punje nzito zinabaki chini, na umbali kati yao unakua kufikia kilomita. Kinachoinua pale ni joto la jua lililopandisha hewa. Mmweko mmoja hushusha kulombu kadhaa hadi makumi, mbele ya mfuniko wetu wenye sehemu ya kumi ya milioni ya kulombu. Nataka wanafunzi wafanye hesabu hiyo ya uwiano wenyewe kabla sijasema lolote.

Januari, mvua zikiwa zimekolea, tutaurudia mtihani wa mfuniko: kuuinua ukiwa na chaji, kusubiri, na kupima urefu wa cheche baada ya sekunde 5, 10 na 30, kwanza bila boksi la balbu na kisha ukiwa umekaushwa humo. Vipimo vya kiangazi vya kulinganishia tumekwisha kuviandika kwenye daftari la maabara.